Imeshika Nini

Walisema shemeji alisinzia kwenye usukani. Treni haina usukani. Lakini ndivyo alivyosema msemaji wa kampuni mbele ya waandishi wa habari, siku ileile, maiti bado ziko relini, na hakuna aliyemcheka.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Anaendesha treni za mizigo. Siku hiyo alikuwa anashuka na mabehewa ya saruji kuelekea ile kona iliyochongwa kwenye kilima, ambapo dereva haoni mbele ila ukuta wa mawe. Nyuma ya kona kulikuwa na genge la watu wa kukodi, wanabadilisha mataruma, ile mihimili inayobeba reli. Utaratibu ni mwepesi, hata mtoto anauelewa. Genge lina mwangalizi, na mwangalizi ana redio ya upepo. Akihisi reli inatetemeka anamwita dereva: tuko relini, simama. Dereva anajibu na kufunga breki.

Shemeji hakujibu. Alifunga breki alipowaona kwa macho, na treni ya saruji ikishakuwa kwenye mteremko haisimami kwa sababu tu umeogopa. Wakafa wanne. Mwangalizi alikuwa mmoja wao, maana alipoona treni haipunguzi mwendo aliacha kuita akakimbilia relini kuwavuta wenzake.

Waliopona walisema aliita mpaka sauti ikamkauka. Shemeji alisema hakuna aliyeita. Hakuwaita waongo. Alisema wanamtetea marehemu wao, na yeye angekuwa wa genge angefanya hivyohivyo. Hilo alilishikilia kama mtu aliyeshika ukingo wa dirisha la ghorofani.

Redio yake ikaletwa kwetu, karakana ya mawasiliano, ipimwe. Mimi ni mtunza stoo hapo, na ndiye ninayewasemea wafanyakazi kwenye vikao. Wenzangu wananiita Mchochezi kwa utani. Meneja ananiita hivyo bila utani. Fundi wa benchi aliichomeka redio kwenye sanduku la vipimo, akatazama taa, akatazama namba, akasema, "Taa imeshika. Redio iko sawa kabisa, haina hata doa."

Meneja wa karakana akasimama mlangoni, mikono mfukoni. "Redio ya dereva nzima. Redio ya genge nzima, kampuni yao imethibitisha. Sasa hapo kimebaki nini? Limebaki sikio."

Baadhi ya watu walicheka. Nimewaweka kichwani mmoja mmoja.

Jioni nilikwenda kwa dada. Nilimkuta anasugua sufuria iliyokwisha takata zamani. Shemeji alikuwa sebuleni, amekaa ameielekea televisheni iliyozimwa.

"Mdogo wangu," dada akasema bila kugeuka, "wewe uko hukohuko ndani. Niambie. Alilala?"

"Hakulala."

"Unajua, au unasema tu kwa kuwa unawachukia wakubwa?"

Hilo lilinichoma, maana nilikuwa sijui. Nilikuwa nawachukia tu.

"Mimi naanza kumtazama vile wanavyomtazama wao," akasema, akishusha sauti. "Nampa chai najiuliza, mkono huu ulikuwa umelala? Kitinda mimba wangu jana kamuuliza waziwazi, 'Baba, kwani ulilala?' Baba yake akainuka akaenda chooni, akakaa humo mpaka watu wakagonga. Kesho kutwa baraza la uchunguzi linakaa. Wakisema alilala ni mahakamani, na mahakamani ni jela. Lakini hata jela naweza kwenda kumwona. Nisichoweza ni kuishi bila kujua. Mjomba wa watoto, nitoe hapo."

Nililala na maneno hayo, yakaamka kabla yangu.

Sasa hapa lazima nieleze kitu cha kazini, na nitakieleza kama nilivyokijua mimi, kwa kuuliza na kusoma karatasi zinazokuja ndani ya maboksi. Lile sanduku la vipimo ni kama rafu iliyofungwa mbele kwa kioo na namba. Ndani kuna kadi zimechomekwa zimesimama kama vitabu. Moja inatoa mawimbi, nyingine inayapima, nyingine inazisikiliza redio. Zote zinahesabu kwa mapigo ya saa moja. Si saa ya kukwambia muda wa kutoka kazini. Ni kitu kinachopiga mamilioni ya mapigo kila sekunde, na kadi zinaamini kila pigo. Sanduku lina saa yake ya ndani, ndogo, ya kujishikiza, nayo ikizeeka na kupata joto hupotoka. Kwa hiyo huletewa mapigo kwa waya kutoka saa kubwa ya nje iliyo bora. Hiyo ya nje sisi tuliiita Saa Mama.

Saa Mama ilikuwa na chumba chake, kidogo, hakina dirisha, hakipandi joto wala hakishuki. Halafu akaja meneja huyu. Akakiona chumba akakipenda. Nilisimama kwenye kikao nikasema saa hiyo inahitaji mahali pasipobadilika joto. Akanijibu, "Na meneja je? Yeye anahitaji kuchemka?" Watu wakaangua kicheko, na chumba kikaondoka na kicheko hicho. Akawekewa kiyoyozi na kiti cha kuzunguka, na tangu hapo jina lake ni Bwana Baridi. Saa Mama ikahamishiwa kwenye kabati chini ya ngazi, jirani na mafagio, na waya wake ukapitishwa darini mpaka benchi. Baadaye mafundi wa kiyoyozi wakarudi kurekebisha bomba. Walipanda darini na koleo. Nakumbuka vipande vya waya vilivyodondoka koridoni, na mfagiaji akivisukuma pamoja na vumbi la dari.

Hilo ndilo lililoniamsha.

Nilimfuata mhandisi wetu, Bi Desimali. Aliitwa hivyo kwa sababu neno "takriban" halijawahi kutoka kinywani mwake. Ukimwambia unakuja baada ya muda kidogo, atakuuliza kidogo kiasi gani. Zamani alikuwa benchi, kisha Bwana Baridi akamhamishia ghorofa ya juu, kwenye mipango, akapange.

"Mhandisi, shikamoo ya kazi. Saa Mama inapiga?"

"Inapiga. Nimeipita asubuhi hii, iko hai."

"Na sanduku linaisikia?"

"Fundi Taa anasema taa ni ya kijani. Imeshika."

Fundi Taa ndiye yule wa benchi. Mtu mwema, mcheshi, anayependa kusema kwamba yeye akiona kijani anapita hata kama mbele kuna mto.

"Imeshika nini?" nikauliza.

"Imeshika saa, kaka."

"Saa ipi? Mtu akiniambia ameshika, namuuliza ameshika nini. Mwizi, au mkono wa mtoto?"

Aliweka kalamu chini. Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayesikia maji yanatiririka ndani ya nyumba na hajui ni chumba gani.

"Likikosa ya nje," akasema, "linarudi kwenye saa yake ya ndani. Halipigi kelele. Linajishika lenyewe, na taa inawaka kijani ileile. Taa inasema nimeshika saa. Haisemi ipi." Akasimama. "Ndiyo maana nilikuwa nachomoa. Kila asubuhi unachomoa waya wa nje, unatazama. Taa ikibadilika, jua kweli lilikuwa linasikiliza nje. Isipobadilika, lilikuwa linajisikiliza lenyewe. Nilimfundisha Fundi Taa hivyo."

"Hachomoi."

"Kwa nini hachomoi?"

"Bwana Baridi alimkataza. Alisema ukichomoa kila kitu kinaanza upya, redio zinachelewa, treni zinachelewa. 'Acha kuchomoachomoa vitu vinavyofanya kazi.' Nilikuwa pale nachukua betri. Na mafundi wa kiyoyozi walipopanda darini na koleo, niliona vipande vya waya vimedondoka."

Akatembea mpaka dirishani akarudi. Nikamwona anahesabu kimoyomoyo.

"Basi redio zote tulizorekebisha tangu wakati huo zimepotoka," akasema. "Za madereva, za stesheni, zote. Zimepotoka pamoja, kiasi kilekile, kwa hiyo zinasikilizana vizuri na hakuna anayegundua. Lakini mtu akija na redio iliyopimwa kwingine…"

"Genge la kukodi."

"Genge la kukodi. Redio zao zilikuwa sahihi. Asubuhi ile waliripoti stesheni. Mtu wa stesheni aliwaambia sauti yenu inakwaruza, badilisheni betri. Hapo walikuwa mlangoni kwake. Kwa mbali wasingesikika kabisa."

Nikaruka. Nilimwambia asiguse kitu. Akichomoa leo peke yake, kesho waya utakuwa mpya, na Bwana Baridi ataapa kwamba ulikuwa hivyo siku zote. Achomoe mbele ya baraza, macho yao yakiwa wazi.

"Kuna watu wako relini leo, Mchochezi," akasema. "Wewe unafikiria baraza. Mimi nafikiria kona nyingine."

Yeye akainua simu, akapiga chumba cha kuongozea treni, akasema kwa ile sauti yake isiyopandishwa kwamba kuna hitilafu ya mawimbi, hakuna genge la mtu yeyote kushuka relini mpaka atakaposema yeye. Kisha akashuka akalifunga lile sanduku kwa kitambaa na kufuli la benchi, akatia ufunguo mfukoni. Fundi Taa akamuuliza kulikoni. Akamwambia, "Pumzika, mdogo wangu. Kesho utakuwa na kazi."

Baraza lilikuja karakana kwa sababu Bi Desimali aliomba waje waone kwa macho. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani mizito na subira fupi. Walikuwepo wanasheria wa kampuni, na Bwana Baridi amevaa tai. Shemeji alikaa kwenye stuli, dada nyuma yake, hamgusi. Upande wa pili, kwenye kreti la betri nililomtandikia gazeti, alikaa mama wa mwangalizi. Redio ya mwanawe ilikuwa mkononi mwa askari, ndani ya mfuko wa nailoni, klipu yake imepinda.

"Thibitisha kwanza kwamba kipimo chenyewe ni kizima," mwenyekiti akasema.

"Mheshimiwa, taa hiyo hapo," Bwana Baridi akarukia. "Kijani. Hata asiye fundi anaiona."

"Sikukuuliza wewe."

Bi Desimali alizunguka nyuma ya sanduku. "Waya huu ndio unaoleta mapigo ya saa ya nje," akasema. "Nikiuchomoa, taa lazima ibadilike." Akazungusha kile kichwa cha shaba, akauchomoa, akauinua juu kila mtu aone.

Taa ikabaki kijani.

Watu wazima humo ndani wakaelewa jambo kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Bi Desimali akauvuta waya kutoka darini, mkono baada ya mkono, kama mtu anayeteka maji kisimani. Ukaja kwa urahisi mno. Ukaja wote, na mwisho wake ukadondoka juu ya benchi pamoja na vumbi jeupe. Ulikuwa umekatwa kwa koleo, safi.

"Sanduku hili limekuwa likijisikiliza lenyewe," akasema. "Ndilo lililoirekebisha redio ya dereva. Na baada ya ajali ndilo lililoipima. Lilikuta redio iko sawa na kosa lake."

Alikuwa ameazima saa nyingine, ya kubeba, inayofuata setilaiti. Akaichomeka. Sasa taa ikazimika, ikapepesa, ikawaka tena. Akaipima upya redio ya shemeji, na ile namba iliyokuwa haina hata doa ikaruka mpaka karibu kuingia njia ya mawimbi ya jirani.

"Kwa lugha ya kawaida," mwenyekiti akasema.

"Kwa lugha ya kawaida, mheshimiwa, mlango wa redio hii haupo pale genge walipokuwa wanabisha. Uko kando, kwenye ukuta wa jirani."

Askari akaambiwa aende na redio ya marehemu mwisho wa uwanja, nyuma ya banda la mabehewa, aongee mfululizo. Redio ya shemeji ikawekwa katikati ya meza, sauti mpaka mwisho. Tukangoja. Haikutoa hata mkwaruzo. Mwenyekiti akampigia askari simu. "Umeanza?"

"Nimeanza zamani, mheshimiwa. Nahesabu hapa mpaka koo linaniuma."

Redio mezani imenyamaza. Shemeji aliiinamia, sikio karibu ligusane na matundu ya spika. Nilimwona anaomba. Naapa nilidhani anaomba ikae kimya, imsafishe.

Kisha Bi Desimali akaliambia sanduku, sasa likiwa na saa ya kweli, lisikilize njia ya genge. Sauti ya askari ikajaa karakana, kubwa, ya karibu, kama mtu aliyesimama mlangoni: "…sitini na nane, sitini na tisa, sabini, mnanisikia? Sabini na moja…"

Mama wa mwangalizi akainuka kwenye kreti. "Aliita," akasema. "Si mnasikia wenyewe? Mwanangu aliita." Akalia, na kulia kwake kulikuwa na kitu kama kupumzika, maana kwa muda wote ule watu wa kampuni walikuwa wamemwambia mwanawe alikimbia bila kuita.

"Aliita," shemeji akasema.

Neno hilohilo. Lakini yeye alilisema kama mtu anayesomewa hukumu, maana aliitwa kweli na hakusikia. Ukingo wa dirisha ulikuwa umemtoka mikononi. Dada akamshika bega kwa mara ya kwanza tangu ajali, na nadhani yeye hakuuhisi mkono huo kabisa.

Halafu wakaanza kutafuta shingo nyingine, maana kamba walikuwa nayo tayari.

"Nani alikuwa anaendesha kifaa hiki?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi," Fundi Taa akasema. Utani wote ulikuwa umemwishia. "Lakini niliambiwa nisichomoe."

"Na nani?"

Akamtazama Bwana Baridi. Bwana Baridi akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa. "Mheshimiwa, mimi ni mtu wa utawala. Ningejuaje mambo ya kuchomoa? Kazi ya fundi ni kujua taa inasema nini."

"Uliambiwa kwa maandishi?"

"Kwa mdomo," Fundi Taa akajibu. "Hapa hapa."

"Nilikuwepo!" nikapaza sauti. "Nilikuwepo nachukua betri! Na uliza saa ilitolewa chumbani na nani! Uliza waya ulipitishwa darini ili nani apoe! Nenda ukaguse kile kiti cha kuzunguka, bado ni cha baridi!"

"Bwana, wewe ni nani?"

"Mtunza stoo."

"Na dereva ni nani wako?"

Nikasema. Mwanasheria akatabasamu kwa upole, akaandika. Ushahidi wangu ukafia hapo, kwenye neno shemeji. Bi Desimali akasema naye, kwamba alifundisha kuchomoa na akaondolewa benchi. Wakamuuliza kama aliisikia amri kwa masikio yake. Mtu asiyesema takriban angejibu nini? Akasema hapana, hakuisikia.

Wakaandika hivi: dereva hana kosa. Fundi wa benchi alizembea. Uongozi unashauriwa kuboresha mawasiliano. Kuboresha mawasiliano! Watu wanne wako ardhini, na hilo ndilo neno walilolipata.

Fundi Taa anangoja kesi. Nilikwenda kumtembelea, tukakaa uani kwake. "Mchochezi," akaniambia, "ulitaka kumtoa mmoja, ukamtoa. Sikulaumu. Mimi ningemtoa shemeji yangu pia." Akajaribu kucheka. "Siku hizi nikiona kijani nasimama." Mke wake hakutuletea kiti cha pili. Nilikaa kwenye ndoo, na nilistahili ndoo.

Sasa kuna tangazo limebandikwa juu ya benchi: CHOMOA, TAZAMA, RUDISHA. Limetiwa saini na Bwana Baridi, kwa wino wa bluu, kana kwamba yeye ndiye aliyelizua. Saa Mama bado iko chini ya ngazi na mafagio. Nimeliandika hili ili siku atakapoagwa kwa hotuba, mtu mmoja awe nalo mfukoni alisome kwa sauti.

Dada alipata alichoniomba. Anajua mumewe hakulala. Aliniambia asante mlangoni kwake, akanishika mikono yote miwili, kisha akaniomba nisikae sana.

Kampuni ilimwita shemeji arudi kazini. Hakwenda. Hawezi kukaa karibu na redio ya aina yoyote, hata ya muziki, na akiwa mbali nayo hawezi kuvumilia kimya. Niliwakuta Jumapili wanakula. Watoto walikuwa wanabishana juu ya mpira, wakaishiwa maneno, na meza ikanyamaza kidogo tu, kama meza yoyote inavyonyamaza.

Shemeji akainua kichwa, kijiko kikiwa hewani.

"Kuna mtu ameita?" akauliza.

"Hakuna, baba," kitinda mimba akajibu haraka, bila kumtazama, akaanza upya kuongea habari za mpira, kwa sauti kubwa, maana amekwisha kufundishwa kwamba katika nyumba hiyo mtu hanyamazi.